Mimi Sijakunywa Maji!

Jumanne, 4 Machi 2025

Presha 192/108. Kabla hata sijakaa vizuri kwenye kiti cha mashine! Na kilo tatu na nusu za maji mwilini tangu Ijumaa. Sista Kasiva akaniangalia kama mwizi wa nguo kambani. Ati, Khavere, sema ukweli, ukiwa peke yako unakunywa maji kiasi gani? Nikamwambia nusu lita kwa siku, kwa kikombe cha kupimia. Akacheka. Wagonjwa wote walisikia. Halafu eti potasiamu nayo imepanda, kwa hivyo lazima nakula ndizi kwa siri. Ndizi! Nilionja mara ya mwisho kabla ya Krismasi.

Daktari Muriuki ameongeza dawa ya nne ya presha. Amesema isiposhuka kufikia mwisho wa mwezi, Aprili hawatanipandikiza figo. Mama yangu ndiye anayenipa. Vipimo vya damu vimekubaliana — na bado kikwazo ni mimi. Miaka miwili nasafishwa damu, mara mbili kwa wiki, halafu naambiwa najiua kwa mdomo wangu. Nimekasirika!

Ijumaa, 7 Machi

188/106. Tena.

Ulimi umekauka, hata kumeza mate ni kazi. Jana nilifyonza kipande cha barafu. Kimoja, na nikakiandika! Saa ya mwisho ya mashine miguu ilikaza misuli kwa sababu wanatoa maji mengi kwa mkupuo. Nililia. Sista Kasiva: ungeacha maji hungelia. Mungu anisamehe nilivyomtukana moyoni.

Jumapili, 9 Machi

Nimejua! Nimejua!

Niliamka kichwa kinagonga, nikaingia jikoni. Mama anamimina kitu kwenye sufuria ya mboga ya mrenda kutoka kwa chupa ya soda. Maji ya rangi ya chai. Nikauliza ni nini hiyo.

"Musherekha tu. Mrenda bila hiyo utalika?"

Majivu ya maganda ya maharagwe, yamechujwa kwa maji. Aliibeba kutoka Vihiga alipokuja Januari kunitunza, na tangu hapo imo katika kila mboga niliyokula. Na mimi nikisifu mkono wake! Nikiongeza bakuli la pili!

"Mama, daktari alikataza chumvi!"

"Si chumvi nilitupa mwenyewe, pakiti nzima, ukiona? Chumvi ni ile ya duka. Hii ni majivu, mwanangu."

Mimi niliyezaliwa hapa Makadara ningejulia wapi? Nilipiga kelele ambazo majirani watazisimulia hadi Pasaka. Nikamwaga chupa yote kwenye sinki akiniona. Nikamwambia amekuja Nairobi kuniua. Aliosha sufuria, akaisugua muda mrefu.

Sasa mtu anayekupa figo unamgombezaje? Nimemgombeza. Sijaomba msamaha na leo siombi.

Jumanne, 11 Machi

Nilimweleza daktari, akashika kichwa. Majivu hayo yamejaa potasiamu, yangeweza kusimamisha moyo. Chumvi pia imo. Chumvi inaleta kiu, mwili unajaa maji, maji yanapandisha presha. Na je, huo mrenda, akauliza, ni mzito au mwepesi? Mwepesi. Bakuli mbili? Mbili. Basi hayo ni maji, Khavere, unayala tu kwa kijiko.

Sista Kasiva alisikia yote. Aliniomba radhi? Thubutu! Alisema, si nilikuambia ni maji.

Ijumaa, 14 Machi

164/94. Mama anachemsha mboga bila kitu. Chakula hakina ladha, nyumba haina maneno.

Jumanne, 25 Machi

Niko kwenye benchi hospitalini. Yangu leo ni 144/86! Daktari alinipa mkono. Furaha ilidumu dakika tano.

Kisha wakampima Mama, kipimo cha mwisho kabla ya kutia sahihi ya kunipa figo. 174/102. Mama ambaye siku zote husoma 130! Sista Kasiva akamwambia akae dakika kumi na tano, asiongee, atapimwa tena. Mama akasema, ni hasira za huyu msichana wangu, zimeniingia. Niliona aibu. Nikataka hatimaye kumwomba msamaha.

Akaenda chooni, akaniachia mkoba. Simu ikalia ndani, nikaitafuta. Nikapata bahasha ya dawa yenye jina lake. Ya mwaka juzi, kutoka kliniki ya kwao. Vidonge vilevile vya presha ninavyomeza mimi asubuhi.

Aliporudi nilimwonyesha tu. Hakushtuka hata kidogo. Akanong'ona kwamba humeza kila wanapotaka kumpima, ila leo tulitoka mbio akasahau. Wangejua wangemkataa.

"Na wakikuchukua figo moja, ile moja itabaki na presha! Utakaa kwa mashine kama mimi!"

"Figo ni yangu. Nyamaza."

Amechukua kidonge, amekimeza kikavu. Nataka kupiga kelele kuliko ile Jumapili, na siwezi — presha yake itapanda. Hasira hii nimpelekee nani? Nikisema, sina figo. Nisiposema, sina mama.

Sista Kasiva amekuja na fomu. Anauliza kama Mama amewahi kutumia dawa za presha. Ananiuliza mimi, si yeye. Mama amenikanyaga mguu. Nimeinamisha kichwa, najifanya bado naandika