Kurasa Zilizofungana

Jumanne, 4 Machi
Kijiko cha Bibi kugonga sahani. Ting! Kutwa nzima sauti hiyo haijanitoka kichwani.

Jana tukiwa mezani nilimwambia karakana yetu ya kujalidi vitabu imeletewa kitabu cha maisha ya Mzee Tangazo, yule aliyeanzisha matangazo ya redio, nami nimepewa kazi ya kukitengenezea sanduku. Kijiko kikamponyoka. Hakukiokota. Aliuliza tu: mimi nimo?

Bibi ndiye aliyeimba tangazo la kwanza la sabuni, akiwa msichana. Mzee alimwahidi: siku nikiandikwa, nawe utaandikwa.

Jumatano, 5 Machi
Toleo la kwanza. Ngozi ya rangi ya damu ya mzee, maandishi ya dhahabu, karatasi nzito. Na halijasomwa! Kurasa bado zimeungana kingoni, vile zilivyokunjwa mtamboni. Mteja anataka zibaki hivyo hivyo. Wakusanyaji huvipenda vitabu ambavyo havijaguswa. Fundi, mkuu wangu karakanani, kacheka: kitabu bikira. Kisha akakunja uso. Ukichana hata ukurasa mmoja, binti, Jumatatu mteja akija utamweleza mwenyewe, halafu ukatafute kazi ya kuuza maji barabarani.

Nimechungulia kati ya mikunjo kwa tochi ya simu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Nimeona nusu ya mstari: "Sauti ile tamu, iliyoingia kila nyumba, ilikuwa ya—" Basi. Mengine yamo ndani ya mkunjo.

Nimefika nyumbani, sijavua hata viatu, Bibi kauliza: nimo?

Alhamisi, 6 Machi
Sijalala vizuri. Nimepima kadibodi vibaya, nimeikata, nimeitupa. Fundi kauliza kama nimependa mtu. Laiti!

Bibi naye kanishambulia: umesoma mpaka chuo kikuu, unashindwa na karatasi? Macho yake yana ukungu, lakini alinitazama usoni kabisa. Hajui kwamba nachezea kibarua changu. Au anajua.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi alitoka kununua gundi. Nilichukua kisu cha mfupa. Nimechana mkunjo mmoja tu.

"—ya mkewe mpenzi."

Mkewe! Nimesoma ukurasa mzima, na wa pili. Bibi hayumo. Wala "msichana fulani" hayumo. Sabuni imo, maikrofoni imo, mpaka paka wa studio yumo.

Kitabu nimekitia mkobani. Sanduku tupu limebaki rafuni, limefungwa vizuri. Sijui nilikuwa nawaza nini. Bibi nimemwambia: kesho nitakusomea.

Jumamosi, 8 Machi
Alivaa gauni la kutokea. Akaketi wima kama anayepigwa picha.

Nikasoma. Sabuni, maikrofoni, paka (alicheka: alikuwa mwizi yule!). Nikafika pale. Nikasema "ilikuwa ya," na palipoandikwa mkewe mpenzi nikasoma majina matatu ya Bibi, moja baada ya jingine, kwa sauti ya darasani.

Bibi akanisogezea sikio.

Rudia.

Nikarudia. Akaomba niuweke ukurasa chini ya kidole chake, pale penyewe. Nikauweka. Kidole kikatulia juu ya mke wa mtu.

Nilidhani yameisha. Kumbe! Kasema: mwite mdogo wangu. Bibi Mdogo, mwalimu mstaafu, ambaye kila harusi humtania mbele za watu—dada yangu na redio yake ya kuota! Aje aone kwa macho yake, kasema Bibi, maana yeye ana macho.

Nimezunguka uani na simu mkononi. Ningeweza kusema simu haipatikani. Ningeweza kusema mteja amekwisha kukichukua.

Nimempigia. Anakuja kesho asubuhi. Kacheka sana, halafu kauliza: sasa mjukuu wangu, nibebe miwani?

Nimemwambia beba.