Maziwa Hayangoji Mgonjwa Apone

Jumatatu, 5 Julai

Mitungi sitini na mitatu leo. Ukungu mzito hadi saa mbili, sikuona foleni inaishia wapi. Kazi ni ile ile. Fungua kifuniko, shusha barakoa, nusa, koroga, pima, andika. Mtungi unaofuata. Miaka kumi na mmoja napokea maziwa katika kituo hiki cha Kiirua na bado watu hudhani ni mashine inayokataa maziwa mabaya. Ni pua yangu. Chombo ambacho hakikuoshwa vizuri, ng'ombe aliyelishwa vitunguu, maziwa yaliyolala karibu na dawa ya kupe, yote nayajua kabla sijagusa kipimo.

Mume wangu Njeru alirudi juzi kutoka kwao Runyenjes, walikuwa wanamzika baba yake mdogo. Anakohoa. Anasema ni vumbi la barabara. Mwezi wa saba, Embu, vumbi gani? Kule ni manyunyu matupu.

Jumanne, 6 Julai

Amekataa chai. Tangu nimjue mume wangu hajawahi kukataa chai. Mwili wake unachoma. Hakwenda karakana, mbao za watu ziko pale zimelala. Nilipotoka kazini nikampeleka hospitali, wakamwingiza kile kijiti puani. Majibu ni kesho.

Makena aliniuliza kama baba atakufa. Nikamkaripia. Ana miaka tisa tu. Sikufanya vizuri.

Jumatano, 7 Julai

Ni Covid.

Nimemhamishia kwenye chumba cha nje tunamoweka viazi. Nimetoa magunia, nimeweka godoro, nimefungua dirisha. Chakula nakiacha juu ya stuli na kurudi nyuma. Mwalimu wa Makena nimempigia, mtoto hatakwenda shule. Nilifikiria kumpeleka kwa dada yangu kule Kianjai, hata nikaanza kukunja nguo zake. Kisha nikajiuliza: na kama yeye pia anao tayari? Nitakuwa nimempelekea dada mgeni na ugonjwa pamoja. Nikazirudisha nguo kabatini.

Daktari alisema sisi wote tukae nyumbani siku kumi na nne. Nikampigia Koome, meneja wetu, nimweleze. Akaniuliza, "Wewe unaumwa?" Nikasema hapana. "Una homa?" Hapana. "Basi vaa barakoa mbili uje. Mwenzako amejifungua juzi, unajua. Nani atanusa? Wakulima hamsini wamwage maziwa kwa sababu mzee wako anakohoa?"

Nikakata simu. Ng'ombe hawajui karantini, watakamuliwa kesho asubuhi tupende tusipende. Hilo ni kweli. Maneno ya daktari pia ni kweli. Nimekaa jikoni na kweli mbili na hakuna hata moja inayonisaidia.

Alhamisi, 8 Julai

Nilikwenda.

Sikumwambia mtu kituoni. Koome peke yake ndiye anajua. Barakoa mbili, lakini mtu hanusi maziwa kupitia barakoa mbili. Kila mtungi ilibidi nizishushe. Kati ya mtungi na mtungi nilizipandisha haraka, kana kwamba ugonjwa unangoja ruhusa.

Mzee M'Ikiara alifika na punda wake kama kawaida, mitungi miwili. Yeye hana haraka. Husimama pembeni mpaka nimalize kuandika, kisha huja karibu kabisa, anashusha barakoa yake hadi kidevuni na kuzungumza. Masikio yake hayasikii vizuri, kwa hiyo huniinamia. Leo alitaka kunieleza habari za ndama. Nilirudi nyuma hatua moja. Akasogea hatua moja. Nikabaki pale pale, nikamsikiliza. Niliona aibu kumkwepa.

Nilipofika nyumbani Njeru alikuwa amelala kifudifudi anapumua haraka haraka. Nilimwangalia kupitia dirishani muda mrefu.

Ijumaa, 9 Julai

Afadhali kidogo. Amekunywa uji. Jirani ameacha malenge na limau kwenye ua, akapiga kelele kutoka barabarani, "Mama Makena, mko aje huko?" kisha akakimbia. Nilicheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Kazini, mitungi hamsini na minane. Sina homa. Ninajipima asubuhi na jioni na kipimajoto cha kuazima. Najiona kama mwanafunzi anayeiba mtihani na bado hajakamatwa.

Jumamosi, 10 Julai

Kichwa kinauma kidogo. Ni uchovu. Naosha vyombo vya mgonjwa mbali na vyetu, nafua, napika mara mbili, nalala nusu. Nani asiumwe kichwa?

Nimeandika "ni uchovu" kama vile Njeru alivyosema "ni vumbi". Nimeyaona maneno haya yakiwa yamekaa hapa kwenye karatasi.

Jumapili, 11 Julai

Lazima niandike haya kama yalivyotokea.

Ilikuwa karibu saa moja na nusu. Mtungi wa mama mmoja wa bondeni. Nilifungua, nikanusa, nikaona hakuna kitu. Nikapima, kipimo kiko sawa. Nikampa Mwenda ishara amimine kwenye tangi. Mwenda ndiye hubeba mitungi, yuko na barakoa muda wote. Aliuinua, akasimama, akaurudisha chini.

"Mama Makena, huu unanuka mafuta ya taa."

Nikainama tena. Nikavuta pumzi hadi kifua kikajaa. Hakuna. Si mafuta ya taa tu, hakuna hata maziwa. Ilikuwa kama kunusa dirisha.

Mama wa watu akaanza kulia, akasema mtoto ametumia mtungi kubebea mafuta ya taa, hakujua. Tukamrudishia. Mwenda akaniangalia. Nikamwambia pua imeziba kwa baridi.

Hapo ndipo nilipaswa kuvua aproni. Nilijua. Si kwamba nilishuku, nilijua. Na bado mbele yangu kulikuwa na mitungi thelathini na watu wamesimama na njaa yao na Jumapili yao ya kanisa. Nikaendelea. Mwenda akawa ananusa kwa niaba yangu, mimi naandika. Nilikaa pale karibu saa mbili nzima. Mzee M'Ikiara alikuja akaniuliza mbona leo simchekei. Alinikaribia hivi, kama urefu wa mkono.

Ningeweza kumwambia, simama hapo, mimi ni mgonjwa. Maneno manne au matano. Niliogopa foleni yote itasikia.

Jumatatu, 12 Julai

Sikwenda. Nilimpigia Koome saa kumi na moja alfajiri nikamwambia siji, hata kama atanifukuza. Akaanza kuhesabu kwa sauti nani anaweza kunusa, kama mtu anayetafuta funguo. Nikamwambia Mwenda anaweza, nimemwona. Nikamwambia pia awaambie wakulima, wote, kwa jina langu. Akasema, "Watakimbia kituo." Nikasema, "Wakimbie."

Mchana nimepimwa. Ninao. Makena hana. Nimelia kwa hilo la Makena, la kwangu halikunitoa chozi.

Sasa Njeru, ambaye homa imemwisha, amerudi ndani na barakoa yake kumwangalia mtoto, na mimi niko chumba cha viazi.

Jumatano, 14 Julai

Mwili kama umepigwa rungu. Siandiki.

Ijumaa, 16 Julai

Mwenda amepiga simu. Koome hakuwaambia wakulima chochote mpaka jana. Alisema niko likizo. Halafu Mwenda akasema, polepole, kwamba punda wa Mzee M'Ikiara siku hizi analetwa na mke wa mwanawe. Mzee amelazwa Meru mjini. Yuko kwenye oksijeni.

Nimeweka simu chini.

Nina hasira na Koome. Nimejaribu kuiacha hasira ikae hapo kwake yote, ingekuwa raha. Haikai. Koome hakuwepo pale kwenye mtungi wa mafuta ya taa.

Jumanne, 20 Julai

Homa imeniacha. Njeru ameanza kupalilia sukumawiki, akichoka anaegemea jembe. Nilimweleza yote kupitia dirishani, hata zile saa mbili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unajuaje ni wewe?" akasema. "Mzee huenda sokoni, huenda kanisani. Na mimi je, niliyeuleta kutoka kwa matanga?"

Sijui kama ni mimi. Sitajua kamwe. Alidhani hilo litanifariji, na mimi ndilo linaloninyima usingizi. Kama ningejua ni mimi ningetubu. Kama ningejua si mimi ningepumua. Lakini lile nililofanya nalijua, na hilo halingoji majibu ya hospitali. Nilinyamaza mtu akiwa ananikaribia.

Jumamosi, 24 Julai

Mzee bado yuko hospitali. Wanasema anakula kidogo. Nimeomba. Sijui niliomba nini hasa, apone, au nisiwe mimi. Nilipogundua yamechanganyika nikaanza upya.

Ijumaa, 30 Julai

Mzee amerudi nyumbani. Nimepimwa tena juzi, sina kitu.

Leo nilikwenda kwake. Njeru alitaka kunisindikiza, nikakataa. Alikuwa ameketi nje kwenye jua na blanketi mabegani, amekonda, mikono imekuwa mirefu. Nilisimama langoni na barakoa yangu, nikasema kwa sauti ya juu ili asikie, hata mke wa mwanawe aliyekuwa akifua akasikia pia. Nikasema mume wangu alikuwa mgonjwa na nikaja kazini. Nikasema Jumapili ile nilijua, na sikumwambia.

Nilisikia maji yakimwagwa kutoka kwenye beseni.

"Mwari," akasema. Hivyo ndivyo huniita, kama binti yake. "Ungeniambia tu. Ningesimama mbali. Ni kazi gani kusimama mbali?"

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme.

Baadaye akauliza kama mzee wangu amepona. Nikasema amepona. Akaitikia kwa kichwa, akamwita mke wa mwanawe alete kiti. Akamwonyesha kwa fimbo mahali pa kukiweka, hatua nne tano kutoka kwake, kwenye kivuli.

Nikaketi.