Diski Iliyoitwa Minza

Jumatatu, 5 Juni 1995
Nimefuta vumbi kwenye kompyuta, kama kila asubuhi. Imerudi juzi kutoka kwa fundi hapa mjini Shinyanga. Inawaka vizuri. Ngano za mke wangu hazimo. Alizichapa zote alizosimuliwa na mama yake, kwa Kisukuma, mpaka saratani ilipomlaza. Tulimzika Machi. Nakala nyingine hakuna.
Fundi anaapa hajafuta kitu. Simwamini.

Jumanne, 6 Juni
Nimefikiri kwa utulivu: kama hakufuta, labda alibadilisha diski. Diski inayowasha mashine na kutunza maandishi huwa na jina lake, lisilozidi herufi kumi na moja. Ya kwetu mke wangu aliipa jina la mama yake, Minza. Kulisoma si kazi. Kwenye skrini nyeusi unaandika VOL, unaacha nafasi, unaweka C na nukta mbili, unabonyeza Enter.
Nimefanya hivyo. Jina lililotokea: SEGESE.
Si diski yetu. Basi yetu ipo mahali. Nimelia kwa furaha, mtu mzima, peke yangu.

Jumatano, 7 Juni
Fundi amekiri. Alifungua mashine mbili siku moja, yetu na ya mnunuzi wa dhahabu wa machimbo ya Segese. Akachanganya.
“Diski zote zinafanana, mzee wangu.”
Zinafanana kwa nje. Ndiyo maana zikapewa majina. Nimemweleza polepole, ingawa nilitaka kumpiga.

Ijumaa, 9 Juni
Segese. Jenereta inanguruma, wachimbaji wamejaa mlangoni na vipande vyao vya dhahabu. Mnunuzi ni kijana mwenye adabu. Shikamoo, kiti, soda. Nimeandika VOL.
MINZA.
Kisha DIR, ili kuona vilivyomo. Hesabu za dhahabu tu.
“Zilikuwemo hadithi za fisi, mzee. Nikajua fundi alikuwa anajaribia mashine. Nikafuta.”
Hesabu zake zimeandikwa palepale zilipokuwa ngano. Hazirudi. Nikajikuta namfundisha: ukifuta mafaili yote, jina la diski haliguswi. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza hadithi zile zilikuwa za nani. Nimemaliza soda.
Alitaka turudishiane diski. Nimekataa; ingerudi na jina tu.

Jumapili, 11 Juni
Binti yangu Kabula amekuja baada ya ibada. Nimemwambia. Amechemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukala.
Yeye anakumbuka mwanzo wa ngano moja. Mimi mwisho wa nyingine. Tumejaribu kuziunga mpaka jua likazama. Katikati alipajua mama yake.