Nimechukua ya Diski

Kaka yangu mpenzi,

Nimenunua mashine ya kurekodi! Dukani nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Muuzaji aling'ang'ania nichukue ile ya kisasa, isiyotumia diski. Eti inameza vipindi vya runinga vya mwezi mzima, na ikijaa inafuta yenyewe vya zamani. Nikamwambia hiyo sitaki hata bure, nipe ya diski! Akanicheka. Acheke tu, diski inaingia kwenye bahasha.

Hii uliyoishika ndiyo ya kwanza. Niliazima kamera nikamrekodi mama jikoni, akisimulia ulivyozaliwa, anacheka mpaka machozi. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu tuliitazama pamoja, akaniuliza mtoto huyo anayesimuliwa ni wa nani.

Itazame, kaka, halafu uje.

Dada yako mbishi