Vikabichi vya Radhiya

Time, shoga yangu, nimenaswa!

Mjukuu wangu Radhiya kaja kutoka Maskati na vikabichi vidogo kama ndimu, friza imejaa. "Bibi, vina nyuzinyuzi, vitakusaidia sukari na tumbo." Kavichemsha bila chumvi wala nazi.

Vichungu, Time! Nami kwa kumwonea huruma nikamwambia, "Vitamu, mjukuu wangu." Vitamu! Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Sasa napikiwa asubuhi na jioni, na ananikalia mbele mpaka nimalize.

Leo nikachungulia jikoni. Nikamwona kafumba macho, anameza kimoja kwa maji kama kidonge. Kisha akatoka anacheka: "Bibi, nakula na wewe, usile peke yako."

Basi, Time! Nikamwambia aniongeze.