Amina Niliyomnyima Mzee

Dada yangu mkubwa,

Watoto wazima, wanakuamkia. Sweta uliyonifumia imenikaa vizuri, ila nimeifua hadi mikono imechubuka na bado inanuka.

Unajua bosi wangu wa buchani ni mzee wa kanisa. Kila asubuhi tunashikana mikono tunaomba kabla ya kushika visu. Juzi friji ilizima, nyama ikawa ya kijani, inateleza kama sabuni. Akaniambia niioshe kwa siki, niisage na vitunguu saumu vingi, iende jikoni mwa shule tunayoiuzia nyama. Nikikubali, duka jipya nitalisimamia mimi. Dada, nilitamani. Unakijua chumba tunachobanana.

Kisha akafumba macho, vidole vinanuka mzoga, akamwomba Mungu abariki kazi ya mikono yetu. Wenzangu wakasema amina. Mimi nikachomoa mkono wangu mkononi mwake, nikaufuta kwenye sweta yako.

"Mbona huitikii, binti?"

"Mzee, hiyo siwezi kumwambia Mungu. Na nyama hiyo siigusi."

Akanifukuza palepale. Nikaenda moja kwa moja kumwambia mpishi wa shule. Sasa mzee ametangaza kanisani kwamba nimerudi nyuma kiimani, na Jumapili ataniombea yeye mwenyewe. Yeye! Nilitaka nisikanyage tena pale. Halafu nikajiuliza: nimwache Yesu kwa sababu ya mtu na nyama yake?

Nitakwenda. Nitakaa kiti cha mbele, nimevaa sweta yako hiihii. Akiinama kuniwekea mikono, aivute vizuri harufu yake mwenyewe.

Mdogo wako, mbishi yuleyule