Nyota Tatu za Nyangeta

Ujerumani, 14 Machi

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mguu wako unaendeleaje? Nimesikia mvua imewahi huko Butiama. Tafadhali usiende shambani peke yako. Mimi ni mzima, ila baridi sijaizoea. Nalala na soksi.

Mama, mjukuu wako Nyangeta amefaulu. Ni daktari sasa, wa nyota, siyo wa sindano.

Kabla ya mtihani alinifundisha mezani. Viazi viwili karibu karibu ni nyota mbili zinazozungukana. Kitunguu kule pembeni ni nyota ya tatu, inazizunguka hizo mbili. Ya tatu ikikaa mbali, zote zinabaki pamoja miaka na miaka. Ikisogea karibu sana, moja inarushwa nje na hairudi. Kazi ya Nyangeta ilikuwa kutafuta mpaka huo uko wapi.

Nikamuuliza, "Sasa nipike lini?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Siku yenyewe niliketi nyuma, nimevaa koti la marehemu mwanao. Kiingereza chao sikukielewa. Lakini mzee mmoja aliinua vidole viwili vya mkono mmoja, akaleta kidole cha mkono wa pili karibu kabisa, akauliza. Nyangeta akatazama kucha zake. Watu wakaanza kuhangaika kwenye viti. Mimi nilitulia. Baba yake alikuwaga hivyo, ukimuuliza la maana anatazama kucha kwanza. Kisha Nyangeta akachora ubaoni, akaeleza, akaja akakisogeza kidole cha yule mzee kwa mkono wake mwenyewe. Mzee akacheka.

Tukatolewa nje. Nikajua imekwisha, nikapiga vigelegele.

"Mama! Nyamaza, hawajaamua!"

"Waamue nini tena? Si umemjibu?"

"Huku wanajadili kwanza. Wanaweza kunikataa."

Nikaziba mdomo kwa kanga. Niliogopa kweli kwamba nimemharibia.

Walipotuita ndani wakampa mkono, akanigeukia: "Mama, sasa piga."

Sauti haikutoka, nilikuwa nalia. Basi akapiga yeye mwenyewe mbele ya maprofesa wote, kigelegele kirefu, vile unavyopigaga wewe.

Msalimie shemeji wa kule Nyakato, na wifi yangu wa Bunda. Mwambie dagaa alizotuma zilifika salama. Ukienda kupalilia kaburi la mwanao, mpe habari hii. Na sisi huku mtukumbuke kwenye sala.

Mkweo,
Mama Nyangeta